Nyumba Bila Baraza: Funzo la Michenzani



Mji unaweza kujaa majengo ukapungukiwa na ujirani. Tuangalie Ng'ambo ya Unguja. Nyingi ya nyumba zake za udongo zilikuwa duni, lakini zilikuwa na baraza mbele na uani nyuma. Barazani wazee walizungumza na mgeni akapokewa bila ya kuingia ndani. Uani kina mama walipika na kufua kwa sitara, watoto wakicheza mbele ya macho yao.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Mzee Abeid Karume iliahidi makazi bora kwa wananchi wa kawaida. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki walichora ramani ya mji mwaka 1968, na katika miaka ya 1970 yakasimama majumba ya saruji ya Michenzani, marefu kama mabehewa ya treni. Nyumba za zamani zilibomolewa kuyapisha.

Tuwe waadilifu: nia ilikuwa njema, na yalileta umeme na maji ya bomba. Lakini ramani ilihesabu vyumba, ikasahau baraza na uani. Anayeishi ghorofa ya nne atamkaribisha wapi mpita njia?

Mtume (s.a.w.) alisisitiza sana haki ya jirani. Basi nasi tunapojenga, kabla ya kumwuliza fundi bei ya tofali, tuulizane kwanza: jirani yetu atakaa wapi?