Vita ya milisekunde

Jamani, leo siasa tuziweke pembeni, tuongelee kinanda. Ukibonyeza kinanda kilichounganishwa na kompyuta unataka sauti itoke papo hapo. Ikichelewa milisekunde 30 tu, mdundo unakuponyoka. Studio utarudia. Jukwaani je?

Hapo ndipo Linux ilipokuwa ikikwama. Tangu Linus Torvalds aitoe mwaka 1991, ilijengwa igawe muda wa kompyuta kwa haki kati ya kazi nyingi. Sasa muziki hautaki haki, unataka zamu yake ifike kwa wakati, kila mara. Sauti hupelekwa kwenye spika mafungu mafungu. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, fungu la sampuli 128 linadumu milisekunde 2.7 hivi. Muda huo ukiisha na fungu linalofuata halijawa tayari, spika zinakwaruza na watu wote wanasikia.

Mwaka 2000 watengenezaji wa programu za muziki, akiwemo Paul Davis, waliandika barua ya pamoja kwa wasimamizi wa Linux wakidai suala hili litatuliwe. Davis huyu alikuwa mmoja wa waandishi wa programu wa mwanzo kabisa wa Amazon. Ndiye baba wa Ardour, programu ya kurekodia, na JACK, inayounganisha programu moja na nyingine kama vile unachomeka waya.

Mwaka 2004 Ingo Molnár, raia wa Hungaria, alianza marekebisho yaliyokuja kuitwa PREEMPT_RT, yanayoiruhusu kazi ya haraka kuikatiza karibu kazi yoyote nyingine. Thomas Gleixner wa Ujerumani akayabeba kwa miaka mingi. Yaliingia kipande kipande hadi Septemba 2024, mjini Vienna, Gleixner alipomkabidhi Torvalds ombi la mwisho likiwa limechapwa na kufungwa kama zawadi, kwa karatasi ya dhahabu. Miaka 20!

Kinachonifurahisha ni hiki: kilio cha wanamuziki wachache kimeishia kunufaisha hata roboti za viwandani. Na wenye viwanda ndio waliokuja kutoa fedha za kuimalizia kazi hiyo.

Leo mambo ni mepesi. Ubuntu Studio, iliyoanza mwaka 2007, inakuja na vifaa karibu vyote. PipeWire ya Wim Taymans, ambayo Fedora iliifanya chaguo la kawaida mwaka 2021, inafanya kazi ya JACK bila kuzima sauti za programu nyingine. Tafuta kadi ya sauti ya USB, anza na sampuli 256, shuka hadi 128, na fanya mazoezi saa nzima kabla ya onyesho. Ikikwaruza, panda tena.

Yote hayo bila kulipia leseni wala kutumia programu ya wizi. Kwa kijana mwenye kompyuta kuukuu na kipaji, hilo si jambo dogo. Au nyie mnasemaje?