Historia Fupi ya Air Uganda, 2007–2014

Miongoni mwa mashirika yaliyopata kuitumikia Uganda angani yamo makubwa yaliyopeperusha bendera ya dola hadi yakazama katika madeni, na yamo madogo ambayo hata majina yake hayakuwahi kuzoeleka masikioni mwa abiria; lakini Air Uganda haikuwa katika fungu hili wala lile, kwani ilidumu miaka sita na miezi saba, haikupoteza roho ya abiria hata mmoja, na ajali iliyoiua haikutokea angani bali mezani, kwa wino na karatasi.

Watu wa Kampala hawakuwa wageni wa ndege. Tangu mwaka 1937, ndege za majini za Imperial Airways, zilizokuwa zikisafiri baina ya Southampton na Durban kwa kuufuata mto Nile, zilitua Butiaba katika Ziwa Albert na kisha Port Bell, bandari ya Kampala katika Ziwa Victoria. Februari 1952, Elizabeth, aliyekuwa ziarani Kenya alipoupata urithi wa kiti cha enzi kwa kufariki baba yake Mfalme George wa Sita, alichukuliwa na ndege ya East African Airways kutoka Nanyuki hadi Entebbe, na hapo ndipo alipopanda ndege kubwa ya kumrudisha London, naye ni malkia. Shirika hilo la East African Airways, lililoasisiwa mwaka 1946 na kuwa na makao yake Nairobi, lilikufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyolimiliki. Uganda, iliyokuwa imekwisha kuunda Uganda Airlines mwaka uliotangulia, ikabaki na shirika lake peke yake. Nalo likapatwa na msiba mkubwa Oktoba 1988, Boeing 707 yake ilipoanguka karibu na uwanja wa Fiumicino, Roma, wakafa watu 33 katika 52 waliokuwamo. Likajaribu baadaye kujiegemeza kwa Afrika Kusini na Tanzania katika shirika la Alliance Air, lisifaulu, na mwaka 2001 likakabidhiwa wafilisi.

Baada ya hapo, Mganda aliyetaka kwenda Dar es Salaam au Kigali kwa ndege alilazimika kutegemea vyombo vya wenzake, aghalabu kwa kupitia Nairobi, kwa nauli aliyopangiwa na wenye vyombo. Makampuni kadhaa yalijitokeza kuliziba pengo hilo, nayo yakatoweka upesi.

Aliyeliziba kwa dhati alikuwa Aga Khan, aliyekuwa imamu wa Waismailia wakati huo, kwa njia ya mfuko wake wa maendeleo ya uchumi. Ukumbukwe uzito wa jambo hili: Waismailia wa Uganda walikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, wakaacha maduka, nyumba na misikiti, na yule yule kiongozi wao ndiye aliyerejea na rasilimali, akafungua hoteli ya Serena mjini Kampala, akashiriki katika bwawa la umeme la Bujagali, kisha akaingia katika biashara ya ndege. Wala kazi ya ndege hakuianza Uganda. Mwaka 1963 alikuwa ameanzisha Alisarda, ya kupeleka wageni katika kisiwa cha Sardinia, ambayo baadaye iliitwa Meridiana. Na katika Afrika ya Magharibi mfuko wake ulikuwa na mashirika nchini Burkina Faso na Mali. Air Uganda ilikuwa ndugu mdogo katika ukoo huo, makao yake yakiwa Kololo katika barabara ya Wampewo, na ndege zake zikilala Entebbe, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka mjini.

Safari ya kwanza, ya kwenda Nairobi, ilifanyika tarehe 15 Novemba 2007, siku chache tu kabla viongozi wa nchi za Jumuiya ya Madola hawajakutana Kampala, wakati mji ulikuwa umepakwa rangi na mashimo ya barabarani yamefukiwa kwa haraka isiyokuwa ya kawaida. Shirika lilijiita mabawa ya Afrika Mashariki, na ndege zake za mwanzo zilikuwa MD-87, jeti za Kimarekani zenye injini mbili mkiani, zilizoweza kuchukua abiria zaidi ya mia. Kwa maoni yangu hizo hazikuwa ndege za njia fupi zenye abiria haba, kwani zilikunywa mafuta kama chombo kilichotoboka, na katikati ya mwaka 2008 bei ya mafuta duniani ilipanda hadi kupita dola 140 kwa pipa. Wakuu wa shirika waliliona hilo, na polepole wakaziondoa, wakaleta CRJ-200 zilizotengenezwa Kanada, zenye viti 50. Uamuzi huo, ambao hakuna aliyeupigia ngoma, ndio uliolipa shirika pumzi, kwa sababu ndege ndogo iliyojaa mara mbili kwa siku huleta faida ambayo ndege kubwa iliyo nusu tupu haiwezi kuileta.

Ama njia iliyolilisha shirika hili ilikuwa ya Juba. Baada ya mapatano ya amani ya Sudan ya mwaka 2005, na zaidi baada ya uhuru wa Sudan Kusini tarehe 9 Julai 2011, Kampala iligeuka kuwa duka, shule na hospitali ya Juba: wafanyabiashara wa Kiganda walipeleka huko unga, saruji, bia na mabati, na Wasudani wenye uwezo wakawaleta watoto wao kusoma Uganda. Mizigo ilipita barabarani kwa Gulu na Nimule, lakini mwenye mali na mwenye haraka walipanda ndege, safari ya saa moja hivi badala ya siku nzima ya vumbi na vizuizi. Ndani ya ndege hizo walikaa pamoja mwanamke wa sokoni, mkandarasi wa barabara, ofisa wa Umoja wa Mataifa na mbunge. Shirika lilifika pia Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa, Kilimanjaro, Kigali, Bujumbura na hata Mogadishu, ambako askari wa Uganda walikuwa wakilinda amani tangu 2007. Lakini ni Juba iliyokuwa na faida, na vita vilipozuka huko Desemba 2013, hazina ya shirika ilipata jeraha.

Hata hivyo si vita vilivyoliua. Sharti msomaji afahamu jinsi sheria za anga zilivyo: shirika haliwezi kuruka pasipo hati ya mamlaka ya nchi yake, na mamlaka hiyo nayo hukaguliwa na shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO. Juni 2014 wakaguzi wa ICAO walikuja Uganda kuichungua mamlaka, wala si makampuni, wakaona kwamba namna ilivyokuwa ikitoa hati zake haikutimiza masharti. Ili kuiondoa aibu hiyo, tarehe 17 Juni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilifuta hati za makampuni matatu yaliyosafiri nje, Air Uganda, Uganda Air Cargo na Transafrik, ikayaamuru yaanze upya hatua zote tano za uthibitisho. Air Uganda ilikuwa imefaulu ukaguzi wa usalama wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, unaoheshimiwa duniani kote, lakini cheti hicho hakikuweza kusimama mahali pa hati ya dola. Ndege zikakaa chini, abiria wakagawiwa mashirika mengine, na katika muda wa wiki chache wenye mali wakakata shauri la kufunga, wafanyakazi wakaachishwa kazi.

Huu ulikuwa udhalimu, nami sioni neno laini zaidi: mlinzi alikamatwa amesinzia, akaadhibiwa mwenye nyumba. Faida ikawaendea majirani. Kabla mwaka haujaisha, RwandAir ya Rwanda ilipewa ruhusa ya kuchukua abiria Entebbe na kuwapeleka Nairobi na Juba, njia zile zile.

Hatimaye Uganda Airlines ilifufuliwa na serikali, na tarehe 28 Agosti 2019 ikafanya safari yake ya kwanza ya biashara, nayo ilikuwa ya Nairobi, kwa ndege za CRJ900, jamaa wakubwa wa zile CRJ-200. Na Cornwell Muleya, aliyeiongoza Air Uganda katika siku zake za mwisho, baadaye aliliongoza shirika hilo jipya pia. Kwa hiyo ujuzi haukupotea wote. Kinachopotea ni kumbukumbu. Nawasihi waliokuwa marubani, mafundi, wahudumu na makarani wa Air Uganda, ambao bado wangali hai na wengi wao wako Kampala, wazikusanye ratiba, sare, tiketi na picha walizonazo wazipeleke katika Makumbusho ya Uganda, katika barabara ya Kira, si mbali na Kololo zilikokuwa ofisi zao, kabla hazijaliwa na mchwa.