Mpaka wa Kitale na Bungoma: Tume ya 1962

Mkutano wa Lancaster House, London, wa mwaka 1962 uliafikiana kuwa Kenya iwe na majimbo. Mipaka ilikabidhiwa tume iliyoongozwa na Sir Stafford Foster-Sutton. Tume ilifuata utaratibu maalumu: ilianza na mipaka ya wilaya zilizokuwapo, ikapokea hati za maombi, ikasikiliza wajumbe wa jamii, kisha ikapima ombi la kila jamii kuhusu majirani iliotaka kuwa nao.

Kitale, mji mkuu wa Trans Nzoia, ndiyo iliyokuwa fundo gumu. Waluhya, hasa Wabukusu, waliidai Trans Nzoia kuwa ardhi ya mababu zao iliyotwaliwa na walowezi. Viongozi wa Kikalenjin nao waliidai. Masinde Muliro, Mbukusu, na Daniel arap Moi, Mkalenjin, wote wawili walikuwa viongozi wa chama cha KADU (Kenya African Democratic Union), hivyo mzozo ukakitikisa chama chenyewe. Ripoti ya tume iliiacha Kitale katika Jimbo la Bonde la Ufa, na Bungoma jirani ikawa katika Jimbo la Magharibi. Wasabaoti wa Mlima Elgon walijikuta Magharibi, ingawa wengi walitaka kuungana na Wakalenjin wenzao.

Majimbo yalifutwa mwaka 1964, lakini malalamiko yalibaki. Katiba ya 2010 iliweka kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, eneobunge la Mlima Elgon likiwa ndani ya Bungoma. Utaratibu wa tume ulitoa uamuzi, lakini haukutoa maridhiano. Mpaka hudumu pale tu jamii za pande zote mbili zinapoukubali.