Mafuta Yaliyokufa Ndani ya Titi: Historia ya Jeraha si Ushahidi

Mwaka 1920 Burton J. Lee na Frank E. Adair, madaktari wa upasuaji wa Marekani, walichapisha katika jarida la Annals of Surgery makala kuhusu kufa kwa mafuta ya titi kutokana na jeraha, na namna ya kutofautisha hali hiyo na saratani. Zaidi ya miaka 100 baadaye swali lao bado liko mezani. Uvimbe wa mafuta yaliyokufa huwa mgumu, mara nyingi hauumi, na unaweza kuvuta ngozi ikabonyea au chuchu ikazama ndani. Daktari anayeupapasa kwa vidole hana njia ya kuapa kwamba si saratani. Ninachodai katika makala haya ni kwamba historia ya jeraha, ambayo wengi wetu tunaikimbilia kwanza, ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote. Ushahidi wa kweli ni mafuta yenyewe, yaonekane kwenye picha au chini ya hadubini.

Seli ya mafuta hubeba tone moja kubwa ndani ya utando mwembamba. Ikipondwa na mkanda wa gari wakati wa ajali, ikikosa damu baada ya upasuaji, au ikiunguzwa na tiba ya mionzi, utando huo hupasuka na mafuta humwagika. Makrofaji, seli za kinga zinazomeza mabaki, huja kuyasafisha na kujaa vitone hadi zinaonekana kama zina povu. Nyingine huungana zikawa seli kubwa zenye viini vingi. Baadaye hujengeka kovu, na kalsiamu hutua juu yake. Kovu hilo ndilo linalovuta ngozi, na kwa kuwa saratani nayo huzalisha tishu ngumu za aina hiyo, dalili ya nje inakuwa moja.

Si titi peke yake linalopatwa na hali hii. Kongosho likivimba ghafla, kimeng'enya cha lipesi huvuja na kuvunja mafuta yaliyo jirani. Asidi zinazotoka huungana na kalsiamu kuwa sabuni, sabuni hasa kwa maana ya kikemia, na daktari akifungua tumbo hukuta madoa meupe ya chokaa. Kalsiamu ya damu huweza kushuka. Kwa mtoto mchanga aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa mambo hugeuka: vinundu hutokea mgongoni, matakoni au mashavuni, na kalsiamu huweza kupanda wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo kuipima mara moja tu na kumruhusu arudi nyumbani ni hatari.

Turudi kwenye titi. Wagonjwa wengi wenye mafuta yaliyokufa hawakumbuki kuumia kokote. Kwa upande mwingine, mwanamke aliyeanguka na bodaboda hujipapasa palipouma, akakuta uvimbe ambao pengine ulikuwapo kitambo. Jeraha limemfanya augundue, halikuuleta. Akiambiwa “hiyo ni damu iliyovilia, itayeyuka”, anarudi nyumbani na miezi inakatika. Nchini Tanzania wanawake wengi wenye saratani ya titi hufika hospitali ugonjwa ukiwa tayari katika hatua ya tatu au ya nne. Katika mazingira hayo, sentensi ya kumtuliza mgonjwa bila kipimo ni kosa zito, hata ikitamkwa kwa huruma. Ugumu huzidi kwa mwanamke aliyekwisha kutibiwa saratani kwa upasuaji na mionzi: uvimbe mpya kando ya kovu unaweza kuwa mafuta yaliyokufa, na unaweza kuwa ugonjwa uliorudi. Historia yake inaunga mkono yote mawili.

Mamogramu hutoa jibu lisilo na utata pale inapoonyesha kifuko cha mafuta: katikati cheusi, ukingo mwembamba, na pengine kalsiamu iliyouzunguka kama ganda la yai. Picha hiyo huwekwa katika daraja la 2 la BI-RADS, mfumo wa kupanga matokeo ya picha za titi, yaani hali isiyo ya saratani, na hakuna sababu ya kumchoma mgonjwa sindano wala kumpasua. Bahati mbaya si kila uvimbe hujionyesha hivyo. Mwingine huwa na kingo zenye miiba au chembe ndogondogo za kalsiamu, sawasawa na saratani. Ultrasaundi, kipimo kinachopatikana kwa urahisi zaidi katika hospitali zetu, husaidia, ila sura yake hubadilika kadiri uvimbe unavyozeeka. MRI hutambua mafuta vizuri, lakini wagonjwa wetu wengi hawaifikii.

Hapo ndipo kinyama cha kupimwa maabara (biopsi) kinapohitajika, na ni bora kichukuliwe kwa sindano nene inayotoa kipande cha tishu. Sindano nyembamba ni rahisi na ya haraka, lakini inaweza kuvuta mafuta na seli chache tu. Jibu la “hakuna seli za saratani” halijasema uvimbe ni nini. Jibu linalotaja seli za mafuta zisizo na viini, makrofaji zenye povu na seli kubwa zenye viini vingi limesema. Na hata jibu hilo sharti lilingane na picha. Picha ikitia shaka na sindano ikaleta mafuta matupu, kipimo kirudiwe.

Daktari wa patholojia hawezi kulinganisha asichopewa. Fomu iliyoandikwa “uvimbe, titi la kulia” na sahihi chini yake inamfunga macho. Nawaomba wenzangu wa wodini na kliniki waandike umri wa mgonjwa, upasuaji na mionzi aliyopata, uvimbe umekaa muda gani, na mamogramu au ultrasaundi imeonyesha nini, kisha jibu likirudi walisome pamoja na picha kabla ya kumwambia mama huyo arudi nyumbani.