Seti kizuizi: hesabu ya mashamba saba ya ufuta

NACHINGWEA haihitaji kufundishwa hasara ya kupanda kabla ya kujaribu. Pamoja na Kongwa na Urambo, ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyofyekwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Udongo na mvua havikuwa vimechunguzwa vya kutosha, na mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mradi huo baada ya mamilioni ya pauni kuteketea.

Kujaribu nako kuna hesabu yake. Tuchukue mfano wa kufikirika wa aina saba za ufuta zinazotakiwa kulinganishwa katika mashamba ya Nachingwea na Ruangwa, huku kila mkulima akiwa na nafasi ya vitalu vitatu tu. Aina mbili hulinganishwa vyema zikiwa katika udongo mmoja, hivyo kila jozi sharti ikutane katika shamba fulani. Mashamba saba yanatosha, yakipangwa hivi: 123, 145, 167, 246, 257, 347 na 356. Msomaji akihesabu ataona kuwa kila jozi hukutana mara moja, wala si zaidi.

Wanahisabati huuita mpangilio huo bapa la Fano, kwa jina la Mtaliano Gino Fano aliyeueleza mwaka 1892. Aina ya mbegu ni nukta, shamba ni mstari. Mwaka 1936 mtakwimu Frank Yates, wa kituo cha Rothamsted nchini Uingereza, aliingiza mipangilio ya jamii hii katika majaribio ya kilimo.

Sasa tuseme baadhi ya aina hizo ni mpya na nyingine ni za zamani. Mkulima aliyepewa mbegu mpya tupu hubeba hasara yote iwapo zitashindwa. Aliyepewa za zamani tupu hana jipya la kujifunza. Je, aina mpya zaweza kuchaguliwa ili kila shamba lipate angalau moja, lakini lisijae mpya pekee? Kundi la namna hiyo huitwa seti kizuizi, kwa kuwa hakuna mstari unaopita bila kuligusa.

Katika bapa la Fano jibu ni hapana. Ama mpya ama za zamani hazitazidi tatu. Aina tatu, kila moja ikiwa katika mashamba matatu, zaonekana kugusa mashamba tisa. Lakini kila jozi hukutana katika shamba moja, hivyo yanabaki sita, na la saba hukosa. Zikiwa zote tatu katika shamba moja, zinagusa yote saba, ila shamba hilo limejaa upande mmoja. Zikiwa chini ya tatu, hali ni mbaya zaidi.

Kinachowezekana ni kuchagua nani akose. Aina 1, 2 na 4 zikiwa ndizo mpya, ni shamba la 356 tu linalopata za zamani tupu, na hakuna mkulima anayebeba mbegu mpya peke yake.

Mambo hubadilika idadi ikiongezeka. Kwa aina 13 katika mashamba 13, kila shamba likiwa na vitalu vinne, aina sita zilizochaguliwa vyema zinatosha. Kwa aina 21 na vitalu vitano, zinahitajika saba, na hapa kuna jambo la kustaajabisha: saba hizo zenyewe ni bapa la Fano lililojificha ndani ya bapa kubwa. Kila shamba hupata mpya moja au tatu. Bapa dogo la aina hiyo hupewa jina la Reinhold Baer, na Aiden Bruen alithibitisha mwaka 1970 kwamba pale linapokuwapo, hakuna seti kizuizi ndogo kuliko hilo. Kwa aina 31 na vitalu sita hakuna bapa dogo la Baer. Kiwango cha chini ni tisa, kwa kanuni iliyothibitishwa na Aart Blokhuis mwaka 1994.

Si kila idadi inakubali mpangilio wenyewe. Aina 43 kwa vitalu saba haziwezekani kabisa. Kuhusu aina 111 kwa vitalu 11, Clement Lam na wenzake walilazimika kutumia kompyuta kwa muda mrefu kabla ya kutangaza, mwaka 1989, kuwa nazo haziwezekani.