Maiti kwenye theluji: sinema za upelelezi na sheria iliyokwama milimani

Mwanzoni mwa mwaka 1929 treni mashuhuri ya Orient Express, ikiwa njiani kuelekea Istanbul, ilikwama kwenye theluji karibu na mji wa Çerkezköy nchini Uturuki. Abiria walizingirwa humo kwa siku kadhaa, wakisubiri njia ifukuliwe. Mwishoni mwa mwaka 1931 mwandishi wa Kiingereza, Agatha Christie, naye alikuwa akirejea nyumbani kwa treni hiyo, akimwacha mumewe, mwanaakiolojia, kazini nchini Irak. Safari hiyo nayo ilikatizwa, mara hii na mvua zilizosomba sehemu ya reli.

Miezi michache baadaye, usiku wa tarehe 1 Machi 1932, mtoto wa rubani mashuhuri wa Marekani, Charles Lindbergh, aliibwa kitandani mwake huko New Jersey. Alikuwa na umri wa miezi 20. Fidia ya dola 50,000 ililipwa, lakini mwezi Mei maiti yake ikapatikana. Mtumishi mmoja wa ukoo huo, aliyehojiwa mara kwa mara na polisi, alijiua mwezi Juni. Riwaya ya Christie kuhusu mauaji ndani ya Orient Express ilipotoka mwanzoni mwa mwaka 1934, hakuna mtu aliyekuwa amekamatwa kwa kumwua mtoto huyo. Mshtakiwa, Bruno Richard Hauptmann, alitiwa mbaroni Septemba mwaka huo, na akanyongwa… la, alikalishwa kwenye kiti cha umeme, Aprili 1936.

Tarehe hizo zina uzito. Kisa cha Christie kiliandikwa wakati umma ulikuwa na hasira na mahakama haikuwa na mtu wa kumhukumu.

Mwaka 1974 mwongozaji wa filamu Sidney Lumet alikigeuza kisa hicho kuwa sinema, na sinema hiyo ndiyo iliyokuwa kigezo cha filamu nyingi za upelelezi zilizofuata katika nchi za baridi. Treni inakwama kwenye milima ya Yugoslavia. Asubuhi tajiri mmoja wa Kimarekani anakutwa amekufa, kachomwa kisu mara 12. Dirisha lake li wazi, lakini theluji ya nje haina nyayo. Basi mwuaji hakutoka. Yumo miongoni mwa abiria.

Msikilizaji anayeishi Oslo au Minneapolis anaijua hali hiyo: theluji nzito ikishaanguka usiku, asubuhi kila hatua ya mtu au paka huonekana, na barabara haipitiki. Kwa mtunzi wa visa vya upelelezi hiyo ni neema kubwa. Theluji huwafungia watuhumiwa mahali pamoja, na papo hapo huweka kumbukumbu ya nani kapita wapi.

Watengenezaji wa filamu hiyo wenyewe nusura waikose. Walichagua milima ya Jura, Ufaransa, kwenye reli iliyokuwa imefungwa karibu na Pontarlier. Siku za kupiga picha zikakaribia na theluji hakuna, ikabidi ipangwe kusafirishwa kwa malori. Usiku wa kuamkia kazi theluji ikaanguka kwa wingi, hata malori yenyewe yakakwama ndani yake.

Ingrid Bergman alipata tuzo ya Oscar katika filamu hiyo kwa kuigiza mmisionari wa Kiswidi anayefanya kazi Afrika. Maneno anayopewa kuhusu watoto wa Kiafrika, kwamba wako nyuma kuliko hata yeye, yalikusudiwa kuchekesha. Kwa sikio la leo yanakera.

Lakini kiini cha filamu kiko mwishoni. Marehemu alikuwa ndiye aliyeteka na kuua mtoto, akaikwepa sheria. Abiria 12 wamekuwa baraza la wazee wa mahakama na wanyongaji kwa pamoja. Mpelelezi Hercule Poirot anaugundua ukweli wote, kisha anakubali polisi waelezwe kisa cha uongo. Njia inafukuliwa, treni inaondoka, na watazamaji wanaridhika. Hapo ndipo penye utata: theluji ilizuia polisi wasifike, nasi tunafurahi kwamba hawakufika.

Mwaka 2017 Kenneth Branagh aliitengeneza upya filamu hiyo, kwa fahari kubwa na maporomoko ya theluji ya kompyuta. Haikuongeza swali jipya. Swali jipya liliulizwa mwaka huohuo na filamu nyingine, Wind River, ya Taylor Sheridan.

Hii inatokea Wyoming, Marekani, katika ardhi iliyotengewa makabila ya asili ya Shoshone wa Mashariki na Arapaho wa Kaskazini. Mwindaji wa serikali anayefuatilia nyayo za simba wa milimani anakuta maiti ya msichana, miguu mitupu, kwenye theluji. Alikimbia maili kadhaa akiwatoroka waliombaka na waliokuwa wakimwandama, mpaka hewa ya barafu ikampasua mapafu. Daktari anasema ukweli wa kitabibu: aliyemwua ni baridi. Kwa hiyo hawezi kuandika kwamba ni mauaji. Na bila neno hilo, shirika la upelelezi la FBI halitaongeza maofisa. Afisa mmoja wa kike, aliyekuja bila hata nguo za baridi, anabaki na mkuu wa polisi wa kabila na askari wachache kwa eneo lenye maelfu ya kilomita za mraba.

Hilo halikubuniwa na mwandishi wa sinema. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mahakama za makabila hazina mamlaka ya kumshtaki kwa jinai mtu asiye wa makabila hayo. Mwaka 2013 Bunge lililegeza katazo hilo kwa ukatili wa majumbani, na mwaka 2022 likaongeza ukatili wa kingono. Sheria ya kuboresha takwimu za wanawake wa asili waliotoweka au kuuawa ilitiwa saini mwaka 2020, miaka mitatu baada ya filamu kufungwa kwa maandishi yanayolalamikia kukosekana kwa takwimu hizo.

Na mwisho wake? Mwindaji anampeleka mbakaji juu ya mlima, anamvua viatu na kumwambia akimbie. Hukumu ya Orient Express imerudi, lakini safari hii haina shampeni. Baba wa msichana amekaa nje ya nyumba yake, na mwindaji anakaa kando yake.

Mwaka 2023 Mfaransa Justine Triet alipata tuzo ya juu ya Cannes, Palme d'Or, kwa filamu Anatomy of a Fall. Mume anakutwa amekufa kwenye theluji nje ya nyumba yake katika milima ya Alps. Je, alianguka, alijirusha, au mkewe alimsukuma? Safari hii polisi wanafika, vipimo vinachukuliwa, na kesi inasikilizwa Grenoble. Wataalamu wanabishana kuhusu matone matatu ya damu. Shahidi mkuu ni mtoto wao wa miaka 11, mwenye uoni hafifu. Mke anaachiwa huru, anarudi nyumbani usiku, na mtazamaji bado hajui.