Baada ya Vyuma Kutoka

Siku hizi Nairobi vyuma vya meno havishangazi mtu. Utaviona kwenye matatu, kwenye foleni ya benki, kwenye harusi. Kwa msichana wa kidato cha pili na kwa baba wa miaka 40. Na karibu kila anayeenda kuwekewa huanza na swali lile lile: nitakaa navyo muda gani? Daktari humwambia mwaka mmoja na nusu hadi miwili, kutegemea meno yamepandana kiasi gani. Tafiti zilizokusanya wagonjwa wengi haziko mbali na jibu hilo, maana wastani unaotajwa ni kama miezi 20. Basi mtu anapiga hesabu ya pesa, anahesabu miezi, anaweka tarehe kichwani.

Swali la pili huulizwa na wachache. Vikishatoka, meno yatakaa hapo kwa muda gani? Swali hilo liliwasumbua madaktari kwa zaidi ya miaka 80. Liligombanisha mwalimu na wanafunzi wake, na kwa sababu yake vijana wengi waling'olewa meno mazima yasiyouma. Jibu lilipokuja halikumfurahisha mtu. Ndiyo maana hata leo husemwa haraka haraka, mgonjwa akiwa ameshika kioo anajitazama.

Kusogeza jino si jambo la juzi. Mwandishi Mroma Celsus, karibu miaka 2,000 iliyopita, alishauri kwamba jino la utotoni likikataa kutoka na jipya linaota pembeni, lile la zamani ling'olewe, na hili jipya lisukumwe kwa kidole kila siku mpaka lifike mahali pake. Hakuna chuma hapo, ni kidole na subira.

Mwaka wa 1728 Mfaransa Pierre Fauchard alichapisha kitabu kikubwa kuhusu tiba ya meno. Humo alieleza ukanda wa chuma wenye umbo la kwato la farasi, uliotobolewa vishimo, ambao ulifungwa kwa nyuzi kwenye meno ili yavutwe taratibu. Asiyetaka kungoja alikuwa na njia nyingine, ya kutisha kidogo: alilishika jino kwa koleo, akalisukuma kwa nguvu hadi mahali alipotaka, kisha akalifunga kwa jirani zake mpaka lipone. Angalia hapo mwisho. Huyo wa mwanzo kabisa alishajua kwamba jino ukiliachilia litatafuta njia ya kurudi.

Mbona lirudi? Jino halikusimikwa kwenye taya kama nguzo ya umeme kwenye saruji. Kati ya mzizi wake na mfupa kuna tabaka jembamba la nyuzi, na jino linaning'inia humo. Ukilisukuma polepole, mfupa ulio mbele yake unaliwa na seli maalum, na nyuma yake mfupa mpya unajengwa. Msweden Carl Sandstedt alilionyesha jambo hili kwa majaribio ya mbwa mnamo 1904 na 1905. Mwendo wenyewe ni wa kobe, kama milimita moja kwa mwezi, na ndiyo sababu vyuma vinachukua miezi mingi hivyo. Daktari hawezi kuharakisha kwa kukaza waya zaidi. Nguvu ikizidi, damu inakatika kwenye nyuzi zile na jino linagoma kwanza kabla ya kusogea.

Taaluma hii ilipata baba yake Marekani. Edward Angle, aliyezaliwa mwaka wa 1855, ndiye aliyepanga aina za meno yaliyokaa vibaya katika makundi ambayo madaktari wanayatumia hadi leo, na mwaka wa 1900 alifungua shule ya kwanza ya fani hii mjini St. Louis. Alibuni kifaa kimoja baada ya kingine. Cha mwisho alikitangaza katika miaka ya 1920: kidude kidogo chenye mfereji wa pembe nne, na waya wa pembe nne unaopita humo. Vyuma vingi unavyoviona mtaani leo ni wajukuu wa kifaa hicho.

Angle alikuwa fundi, na pia alikuwa muumini. Aliamini kwamba kila binadamu amepewa meno 32 na taya inayoyatosha, na kwamba daktari akiyapanga meno yote sawasawa, yakaumana vizuri, mfupa utakua kuyazunguka nayo yatatulia. Kung'oa jino zima ili kupata nafasi, kwake ilikuwa dhambi ya kitaaluma. Calvin Case, daktari mwenzake, alimpinga. Alisema ziko nyuso ambazo haziwezi kubeba meno yote bila mdomo kusukumwa mbele. Mwaka wa 1911 mjadala mkali ulifanyika, Martin Dewey akitetea upande wa Angle. Upande huo ulishinda, na kwa miaka mingi kung'oa kukawa mwiko.

Angle alifariki mwaka wa 1930 bila kuyumba. Mtikisiko ulitoka kwa watu wake mwenyewe. Charles Tweed alikuwa mmoja wa wanafunzi wake wa mwisho, akaenda kufanya kazi jimboni Arizona, na kwa miaka kadhaa akafuata mafundisho ya mwalimu neno kwa neno. Kisha akaanza kuwatazama wagonjwa aliokuwa amewamaliza. Meno yalikuwa yakirudi kujikunja, na midomo mingine ilikuwa imetokeza mbele. Tweed aliwaita tena, akawang'oa magego madogo manne, akawatibu upya bila malipo. Mwaka wa 1940 aliwaonyesha wenzake kesi za wagonjwa 100 aliowatibu mara mbili, kwanza bila kung'oa, halafu kwa kung'oa. Ukutani mwa Australia, Raymond Begg, naye mwanafunzi wa Angle, alikuwa amefikia uamuzi unaofanana na huo akiwa kivyake.

Basi upepo ukageuka. Baada ya vita kuu vya pili, kung'oa magego manne kukawa jambo la kawaida Marekani na kwingineko. Wazazi walipeleka watoto, watoto wakapoteza meno manne mazima, na hoja iliyotolewa ilikuwa nzuri: tukipata nafasi ya kutosha, meno hayatakuwa na sababu ya kurudi.

Je, ilikuwa kweli? Kwa muda mrefu hakuna aliyepima. Daktari huwaona wagonjwa wake siku vyuma vinapotoka, anapiga picha, wanapeana mikono. Akirudi miaka kumi baadaye, anarudi mmoja mmoja, na kila mmoja ana kisingizio chake. Kilichobadilisha mambo ni stoo ya Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Huko, chini ya Richard Riedel na baadaye Robert Little, walikuwa wametunza sanamu za plasta za meno ya wagonjwa: kabla ya vyuma, siku ya kuvitoa, na miaka mingi baadaye. Mwaka wa 1975 Little alichapisha kipimo rahisi. Unachukua meno sita ya mbele ya chini, unapima kila jino limeachana na jirani yake kwa milimita ngapi pale yanapopaswa kugusana, unajumlisha.

Mwaka wa 1981 matokeo yakatoka. Walikuwa wamewapima watu 65 waliong'olewa magego manne ya kwanza madogo, wakavaa vyuma, na ambao walikuwa wamemaliza kila kitu angalau miaka 10 kabla. Karibu thuluthi mbili yao meno ya mbele ya chini yalikuwa yamejikunja tena kiasi cha kutoridhisha. Mwaka wa 1988 wakatoa ripoti ya kundi lililofikisha miaka 20. Waliobaki na mpangilio unaokubalika walikuwa asilimia 10 hivi.

Watafiti walitafuta dalili ya kuwatambua mapema wale watakaorudi nyuma. Umri, jinsia, ubaya wa meno mwanzoni: hakuna kilichotabiri. Kikubwa zaidi, ikaonekana kwamba meno ya mbele ya chini huendelea kusongamana kadiri mtu anavyozeeka hata kwa wale ambao hawakuwahi kuvaa vyuma maishani. Yaani Angle alikosea, na Tweed pia hakuwa na tiba ya kudumu. Wote wawili walidhani kuna mahali fulani ambapo jino likifikishwa litatulia. Taya la binadamu halina mahali hapo. Ni mfupa hai, na kinachoishi kinabadilika.

Hata magego ya mwisho, yale yanayoota ukubwani na ambayo watu hupenda kuyalaumu eti yanasukuma mengine, hayakupatikana na hatia. Mkutano wa wataalamu ulioitishwa na taasisi za afya za taifa za Marekani mwaka wa 1979 haukuona msingi wa kuyang'oa kwa sababu hiyo peke yake.

Kwa hiyo kifaa kilichokuwa mwisho wa tiba kikageuka kuwa nusu ya tiba. Riteina ile ya plastiki ya waridi yenye waya mbele ilielezwa na Charles Hawley mwaka wa 1919, na kwa miongo mingi iliaminika kazi yake ni ya muda tu, mpaka mfupa ukauke. Na kweli muda huo upo. Nyuzi za kuzunguka mzizi huchukua miezi mitatu au minne kujipanga upya, na zile za ufizi, hasa jino likiwa lilizungushwa, zinaweza kuvuta hata baada ya mwaka. Mnorwe Kaare Reitan alizichunguza nyuzi hizo katika miaka ya 1950. Lakini baada ya Seattle, ushauri ulikuwa mwingine: ukitaka meno yabaki yalivyo, vaa riteina usiku, maisha. Katika miaka ya 1970 kulikuwa kumeshaanza pia kutumika waya mwembamba unaogundishwa nyuma ya meno ya mbele, usioonekana na mtu, na Björn Zachrisson wa Norway aliutangaza sana.

Historia ina utani wake. Inasimuliwa kwamba Zia Chishti, akiwa mwanafunzi Stanford, alivaa vyuma akiwa mtu mzima, kisha riteina. Akiiacha siku kadhaa, meno yanasogea. Akiirudisha, yanarudi mstarini. Akajiuliza: kama plastiki hii inarudisha jino lililotoroka, kwa nini isilitoe lilipo tangu mwanzo? Mwaka wa 1997 kampuni iliyotengeneza Invisalign ikaanzishwa. Harold Kesling alikuwa na wazo la namna hiyo tangu 1945, akiwa na mpira badala ya plastiki na bila kompyuta. Sasa mtu anaweza kumaliza tiba nzima kwa vifuniko vinavyofanana na riteina, halafu akapewa riteina ya kumalizia. Mpaka kati ya kunyoosha na kutunza umefutika.

Sisi tuna mfano wetu wa kuangalia. Kiswahili kina neno mwanya, na mwanya hapa kwetu ni uzuri, watu wanausifia. Wako wanaouziba kwa vyuma, na ni haki yao. Ila madaktari wanajua kwamba mwanya uliozibwa ni kati ya vitu vyepesi kabisa kufunguka, ndiyo maana mara nyingi hugundisha waya nyuma ya meno hayo mawili siku ile ile.

Yote haya yanarudi kwenye ile hesabu ya mwanzo, ya pesa na miezi. Aliyepanga bajeti ya miezi 20 amepanga nusu. Riteina huvunjika, hupotea ikifungwa kwenye tishu mezani kwa hoteli, huharibika umbo ikioshwa kwa maji moto, na waya uliogundishwa unaweza kung'oka kimyakimya. Kila kimoja kina bei, na bei hiyo haina tarehe ya mwisho. Mtu mzima anaweza kuamua kwamba inafaa. Anaweza pia kuamua kwamba jino lililojipinda kidogo akiwa na miaka 45 si msiba. Lakini hayo ni maamuzi ya mtu aliyeambiwa mapema. Kwa hiyo ukiketi kwenye kile kiti, uliza maswali yote mawili, na usikubali kujibiwa lile la kwanza tu.